Mwezi wa Benchi

Nimekaa miji mingi tangu wakati ule, na karibu kila mji una kituo cha afya chenye benchi nje ya mlango. Nikipita asubuhi na kuwakuta wanawake wameketi, kadi zao zimefungwa kwenye pindo la kitenge, napunguza mwendo bila kutaka. Nesi anatoka na daftari, anauliza mwezi, mwanamke anajibu kwa sauti, nami najua kwamba huenda si kweli, na kwamba yeye haoni kosa lolote.

Benchi ninalolikumbuka lilikuwa Kamembe, kwenye kituo kidogo kilichojengwa mteremkoni. Ukisimama pale uliona mto Rusizi chini na nyumba za Bukavu ng'ambo, karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Sisi tulikuwa watu wa ng'ambo hiyo. Mke wangu na mimi tulizaliwa huko, watoto wa Wanyarwanda waliokimbia zamani. Tulisoma huko na kuoana huko, na vita ndiyo iliyoturudisha katika nchi ya wazazi wetu. Nyumbani tulisema Kiswahili cha Bukavu. Hata leo, nikiwa mji wa mbali na nikasikia mtu sokoni akisema "batoto," nageuka nione ni nani.

Kwetu mimba haitajwi miezi yake mbele ya watu. Anayekutakia mabaya akiijua siku, ataisubiri. Kwa hiyo mwanamke akiulizwa wengine wakisikia, anasogeza kidogo: anaongeza mwezi, au anapunguza. Wote benchini walifanya hivyo na wote walijua kwamba wengine wanafanya. Walitaniana pia.

"Mwenzangu, tumbo yako iko ya miezi tatu tangu Pasaka."

"Na yako iliingia mwaka gani? Si ungekuwa na bajukuu sasa."

Mkunga wa kituo kile aliijua desturi hiyo vizuri. Alikuwa mwanamke mnene, wa miaka hamsini na kitu, aliyejifunza kazi Bukavu kwa masista, na alirudi kama sisi. Tulimwita Maman, kama kila mtu. Mwezi uliotajwa benchini aliuandika kwa penseli. Kisha, ndani, mlango ukishafungwa, alimlaza mwanamke kitandani, akampima tumbo kwa viganja, na kumwuliza taratibu, "Ile ulisema pale inje ni mwezi ya benchi ao ni ya kweli?" Mwanamke alicheka, akasema wa kweli, na mkunga akafuta penseli na kuandika kwa biki. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Sikuona kituo kingine walikofanya vile.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani. Ilikuwa vita ya kwanza ya Kongo, siku ambazo watu wa asili yetu walikuwa wakitafutwa Bukavu nyumba kwa nyumba. Tulitoka na kundi dogo, tukapita mashambani kuelekea mto, na uchungu ukamshika mke wangu pembeni ya tanuri la matofali. Mwanamke mzee ambaye hatukumjua alimsaidia nyuma ya rundo la matofali, na mimi nilisimama upande wa pili nikiwa nimegeuza mgongo, kwa sababu niliambiwa nigeuze. Mtoto alilia kidogo. Tulipovuka alikuwa amekwisha kunyamaza. Tulimzika upande huu, katika shamba la mihogo la mtu ambaye hatukumwomba ruhusa, na mihogo ilipovunwa sikuweza tena kuonyesha mahali.

Mke wangu hakulia sana. Alisema neno moja, na alilirudia kwa miezi mingi, akiosha vyombo, akisubiri maji kwenye bomba: "Mimi sitazala tena mu njia. Nitazala ku kitanda, na muntu mwenye kujua akiwa pale."

Mwaka ambao vita ya pili ilianza, nilikuwa nimetoka kupakia mchele Bugarama. Nilikaa kule tangu kabla ya Krismasi, kwenye joto lile, nikilala katika ghala la kinu, bila kurudi nyumbani hata mara moja. Nilirudi mwanzoni mwa Februari, tukahamia nyumba nyingine ya kupanga ambako hakuna aliyetujua. Muda si mrefu mke wangu akawa na mimba. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba hesabu ya mimba ile niliijua kama ninavyojua umri wangu. Haikuweza kuanza kabla ya Februari.

Aliporudi kutoka kituoni mara ya kwanza, nilichukua kadi nikaisoma. Mwezi wa kuanza mimba uliandikwa Januari, kwa biki.

"Januari nilikuwa Bugarama," nikasema.

"Najua."

"Sasa Maman hakukuuliza kama ni ya benchi?"

"Aliuliza. Nikasema ni ya kweli." Alikuwa akipepeta maharage, hakuinua macho. "Ukuta ya kile chumba iko nyepesi. Mimi siamini muntu."

"Batasema mtoto ni wa nani?"

"Batasema ni wa mchele."

Tukacheka. Kadi ikarudi kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na sikuiwaza tena mpaka Oktoba.

Tangu Agosti tulikuwa tukisikia milio kutoka ng'ambo. Si kila siku. Ilipopiga, mabati yalitikisika kidogo, na majirani walitoka nje wakasimama wakitazama Bukavu kama watu wanaotazama mvua inakuja. Magari yalichukuliwa kwa ajili ya vita, hata lile la hospitali lilikuwa likibeba majeruhi. Kila juma palikuwa na uvumi mpya: wapiganaji watavuka usiku, tutaambiwa tuhame, tutapelekwa milimani upande wa Butare, siyo ule mji mkubwa bali ile tarafa yetu ya mashamba. Mke wangu alifunga nguo zetu katika vitenge viwili na kuviweka karibu na mlango. Kisha akavifungua. Kesho yake akavifunga tena.

Lililomvunja lilikuwa habari kwamba mkunga anaondoka. Mkuu wa kituo alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi mkunga angehamishiwa hospitali kubwa kusaidia na majeruhi, na mahali pake pangekuja nesi kijana, mwanamume, aliyekuwa bado hajazalisha peke yake.

Jumatano asubuhi mke wangu alivaa, akachukua kadi, akaniambia nimsindikize. Nilidhani ni kipimo cha kawaida. Hatukuwa na mama wala dada upande huu, kwa hiyo mkunga alikuwa amezoea kuniona ndani, jambo ambalo wanaume wengine hawakuruhusiwa.

"Papa kijana," alinisalimu, "leo nawe unakuya kupimwa?"

Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika kadi kwa mikono miwili.

"Maman, unianzishe."

"Nikuanzishe nini?"

"Uchungu. Ile dawa uliweka ule mama wa Giheke, ile ya mu serumu."

"Ule wa Giheke alikuwa amepitisha siku, mtoto anachoka mu tumbo. Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu. Njo maana naomba sasa, mbele ya kuumwa."

Mkunga alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Hakumkemea. Alimweleza kwa urefu, polepole, na mimi nikiwa nimesimama karibu na mlango nilisikia kila kitu, kwa hiyo siwezi kusema sikuelezwa. Alisema dawa ile haina breki. Uchungu wa Mungu unapanda ngazi moja moja, lakini huo unaweza kuruka ngazi. Mji wa mimba usipofunguka, itabidi kupasuliwa, na hapa hakuna wa kupasua wala gari la kumpeleka kwa mwenye kupasua. Alisema katika friji, ile ya mafuta ya taa ambayo utambi wake ulitoa moshi na kuchafua ukuta, palikuwa na chupa ndogo mbili tu za dawa hiyo hiyo, naye alizitunza kwa ajili ya mama atakayetokwa damu baada ya kuzaa.

"Mama muzima, mtoto muzima, siku haijafika," alisema. "Sijafanyaka hivyo hata mara moja."

"Siku imefika," mke wangu akasema, akampa kadi. "Soma."

Mkunga akasoma. Akamlaza, akampima kwa viganja vyake kutoka chini ya kitovu kwenda juu, akarudia, kisha akachukua ile pembe ya bati ya kusikilizia, akainama na kusikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na kunyanzi kati ya nyusi.

"Kadogo," akasema.

"Sisi tunakula nini mwaka hii, Maman, ndiyo mtoto akuwe mukubwa? Na mimi mwenyewe unaniona."

Ilikuwa kweli kwamba mke wangu ni mwembamba na kwamba tulikula vibaya. Mkunga akakubali kwa kichwa. Kisha mke wangu akaanza kuzungumza juu ya tanuri la matofali. Alikuwa hajamsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu, hata mimi. Alisimulia kile ambacho mimi, nikiwa nimegeuza mgongo, sikukiona: kwamba mzee yule hakuwa na kitu cha kukatia akatumia kipande cha chupa, kwamba mtoto alifungua macho, kwamba yeye mke wangu ndiye aliyemziba mdomo kidogo alipolia, kwa sababu watu wa kundi walisema atafanya tusikike. Kidogo tu, alisema. Akaonyesha kwa vidole viwili.

Mkunga alivitazama vile vidole. Nadhani ni pale alipokubali moyoni, lakini hakusema ndiyo. Alisimama, akanijia mlangoni, akanivuta mpaka kwenye ukumbi, akafunga mlango nyuma yetu. Alikuwa mfupi kuliko mimi, akanitazama akiwa ameinua kidevu.

"Papa, mwanamuke anaweza kuogopa mpaka asahau hesabu. Wewe hauna mimba. Ile Januari ni ya benchi ao ni ya kweli?"

Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba na mke wangu alikuwa nyuma yake. Najua alisikia swali. Sikuwa na muda wa kufikiri, hivyo nimejiambia mara nyingi, lakini si kweli, muda ulikuwepo. Mkunga alingoja. Palikuwa na mama anayepita na ndoo, akasubiri apite. Niliwaza Jumamosi. Niliwaza nesi kijana. Niliwaza vile vitenge viwili mlangoni, na mimi nikitembea tena usiku nikiwa nimegeuza mgongo. Na niliwaza pia kwamba mwezi mmoja si kitu, kwamba watoto wa miezi minane huishi, niliwahi kusikia.

"Ni ya kweli," nikasema.

"Uape."

"Maman, nitaapa kwa nini. Ni mtoto wangu."

Akaamini hilo. Mtu yeyote angeliamini.

Alianza kabla ya saa tatu asubuhi. Alivunja chupa moja ya dawa akaitia katika serumu, akaning'iniza serumu, ile chupa ya maji ya dripu, kwenye msumari juu ya kitanda, akazungusha kile kigurudumu cha plastiki mpaka matone yakawa machache. Hakukuwa na mashine ya kupima matone. Akavua saa yake ya mkononi na kunipa. "Utahesabu," alisema. "Mkono hii ya haraka ikizunguka mara moja, matone yawe manane. Yakizidi, unaniita. Usiguse kitu. Unaniita." Alikuwa na wanawake wengine wawili chumba cha pili na hakuwa na msaidizi.

Basi nikahesabu. Tangu asubuhi hadi alasiri nilikaa kwenye kibao nikitazama tone linavyovimba, linavyojishika, linavyoanguka. Manane. Manane. Baadaye akaja akaongeza, yakawa kumi na mawili. Nje wanawake wa benchi walikuwa wakicheka. Sikumtazama mke wangu usoni, nilikuwa na kazi yangu. Kufikia adhuhuri uchungu ulikuwa umekaza na yeye hakupiga kelele, alinishika mkono ulioshika saa, akanifanya nikosee hesabu, nikaanza upya. Mara moja aliniambia kwa sauti ya chini, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, "Aksanti." Nilikuwa nimefika sita.

Alizaa kama saa tisa, kitandani, juu ya plastiki safi, na mtu mwenye kujua akiwa pale. Hakuchanika, na damu haikuzidi. Kila alichoomba alikipata.

Alikuwa mtoto wa kike. Alilia, lakini kwa kilio chembamba kilichokatikakatika, na baada ya kilio akaanza kutoa mguno mdogo kila alipopumua, kama mtu anayebeba kitu kizito. Mkunga alimpangusa. Mgongoni na mabegani mtoto alikuwa na malaika, vile vinyweleo laini vyeupe. Mkunga akamkunja sikio kwa kidole, sikio likabaki limekunjika. Akageuza mguu wake akatazama unyayo. Nilikuwa karibu, nikautazama pia. Ulikuwa laini kabisa, bila mstari, kama shavu.

Hakuniuliza. Alishikilia ule mguu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamfunga mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa kitenge chake mwenyewe alichokivua kiunoni akabaki na koti lake jeupe.

"Hapana kumutoa pale," alisema. "Hata dakika moja. Joto yako njo nyumba yake."

Nilitembea mpaka hospitali kubwa kuomba gari au hewa ya chupa ya kumsaidia mtoto kupumua. Gari lilikuwa limekwenda mpakani kuchukua majeruhi. Hewa ilikuwa kwa walioko vitandani, wakaniambia nimlete mtoto. Niliporudi mkunga akasema baridi ya njia itamwua kabla hajafika. Alimkamulia maziwa kwa kijiko, tone moja moja mdomoni. Siku ya pili mbavu zake zilikuwa zikizama kila alipovuta pumzi, na pua zikipanuka. Mkunga alilala pale kituoni usiku wote huo ingawa zamu yake ilikwisha. Siku ya tatu asubuhi, Ijumaa, aliuliza kama sisi ni Wakatoliki, nikasema ndiyo, akachukua maji kidogo katika kikombe akamgusa nayo kwenye paji. Hakukuwa na jina la kutaja. Kwetu jina hutolewa siku ya nane. Alisema tu "mtoto huyu," na mguno ukasimama kabla ya saa sita.

Jumamosi mkunga hakuondoka. Uhamisho uliahirishwa, kisha ukasahauliwa. Hakuna aliyevuka mto. Tangu juma lile milio ilisogea mbali, ndani kabisa ya Kongo, mpaka tukaacha kuisikia.

Siku chache baadaye mkuu wa kituo aliniita. Alikuwa mtu mpole, aliyependa vitabu vyake viwe safi, na katika kitabu cha vifo mkunga alikuwa ameandika kwamba mtoto alizaliwa kabla ya kutimia. Mkuu alikuwa ameweka kadi ya mke wangu kando ya kitabu. Mkunga alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

"Kadi inasema alitimia," mkuu akaniambia. "Kitabu kinasema hakutimia. Vyote viwili haviwezi kwenda wilayani. Wewe baba, unajua nini?"

Nilipotazama dirishani nilimwona mke wangu amesimama uani, amejifunga kifua kwa kitambaa kwa sababu ya maziwa. Alikuwa amekuja nyuma yangu bila kuniambia. Kama ningesema, kijiji kizima kingejua kufikia jioni kwamba mwanamke yule aliwadanganya wakamtoa mtoto kabla ya wakati. Na kile kingine alichokisema kitandani, cha vidole viwili, kingetoka pia, kwa sababu mambo hutoka. Hivyo nilijieleza. Leo sijui kama nilimlinda yeye au mimi.

"Alitimia," nikasema.

Mkuu akamgeukia mkunga. "Maman?"

Mkunga aliitazama kadi. "Kama papa anasema alitimia," akasema, "basi ilikuwa dawa."

Mkuu akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Mtoto alitimia na akachoka kwa sababu ya dawa ya uchungu iliyotolewa bila sababu. Mwezi huo huo mkunga akaondolewa chumba cha kuzalisha, akawekwa nje, mezani, kupima uzito wa watoto wa chanjo. Nesi kijana akachukua nafasi yake. Alijifunza, nilisikia. Kwanza aliwapoteza wengine, kisha akajifunza.

Tuliporudi nyumbani siku ile ya mkuu, mke wangu aliniuliza nilisema nini. Nikamwambia. Akaweka maji motoni. "Ulifanya vizuri," akasema, na hatukuligusa tena neno hilo, wala mwaka huo wala baadaye, hata alipozaa wengine wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Mimi nilianza kusafiri. Bugarama kwanza, kisha Uvira, kisha mbali zaidi, daima kwa sababu ya kazi.

Lakini kabla sijaondoka, Novemba, mkunga alikuja kwetu. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Wakati huo nilikuwa nikihesabu bila kutaka, na nilijua kwamba juma lile ndilo lingekuwa juma la mtoto. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu kichwani, amevaa kitenge cha kanisani, akabisha hodi kama mgeni. Mke wangu akamwekea kiti. Nikaenda kununua fanta, kwa sababu nyumba haikuwa na kitu, nikachukua muda mrefu njiani kuliko ulivyohitajika. Niliporudi walikuwa wakizungumza juu ya mvua.

Alikunywa nusu ya chupa. Kisha akaweka chupa chini, karibu na mguu wa kiti, akainama mbele.

"Sikukuya kwa ajili ya fanta," akasema. "Mimi ni muntu muzima, nimezalisha batoto ambao leo nao banazala. Siku ile mikono yangu ilikataa. Mikono ilisema mtoto bado. Nikaamini karatasi kuliko mikono. Na hata kama alitimia, ile dawa sikupashwa kuiweka, kwa sababu mama aliogopa na mimi nikamuhurumia. Nilifanya kwa huruma. Mtoto wenu amekufa ku mikono yangu. Nimekuya kuwaomba musamaha."

Miaka ile, katika nchi ile, maneno hayo yalikuwa mazito. Watu walikuwa bado hawajajifunza kuyasema, na wengi waliostahili kuyasema hawakuyasema kamwe. Alikuwa ameyasema vizuri, bila kulia, na alikuwa akitungoja.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umenyooka, na nilijua kwamba ananingoja mimi, kama alivyoningoja nyuma ya mlango ule. Kuku wa jirani aliingia, akadona chini ya meza, akatoka.

"Tumekusamehe, Maman," mke wangu akasema.

"Na papa?"

"Tumekusamehe," nikasema.

Akashika mikono yetu, wangu na wa mke wangu, akaiweka pamoja katika yake, akaibana. Viganja vyake vilikuwa vya joto na vikavu. Akashukuru. Akamaliza fanta, kwa sababu mgeni haachi kinywaji, akaacha viazi, akachukua kikapu kitupu.

Nilimsindikiza, kama ilivyopasa. Tulipanda njia ile nyekundu polepole kwa sababu ya magoti yake. Alizungumza njia nzima, kwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alinieleza juu ya mzani wa mezani, jinsi watoto wanavyopiga mateke wakining'inizwa, na kwamba kazi ile si mbaya, inampa kulala usiku. Kwenye njia panda alisimama akatazama mawingu juu ya mto.

"Rudi, papa," akasema. "Mvua inakuya, na mama yuko peke yake."

Nikasema ndiyo, Maman. Nikasimama pale mpaka alipopinda kona.